Bekoni ya Kiingereza na Mgongo wa Shemeji

Juzi mlinijia nyumbani na simu zenu, mkanionyesha video ya jamaa mmoja mwenye ndevu zilizochanwa vizuri kuliko nywele za mke wangu, amesimama nyuma ya meza ya mbao anakata nyama na kusema hii ndiyo bekoni halisi. Nikawauliza, halisi ya wapi? Mkatazamana. Mmoja wenu akasema, ya Ulaya, babu. Ulaya! Kana kwamba Ulaya ni mtaa mmoja na wote wanakula kwa mama ntilie mmoja. Sikuwajibu siku ile kwa sababu nilikuwa na hasira na chai yangu ilikuwa inapoa. Leo nawajibu, na mtanisikiliza mpaka mwisho, maana swali hilohilo la bekoni ya nchi gani nusura limpotezee mpwa wangu Gaudensia kiwanja chake cha nguruwe pale kijijini Yakobi.

Mimi ni Otmari. Nimefanya kazi ya nyama tangu sijaota ndevu mpaka magoti yalipokataa sakafu ya saruji. Nilianzia kwenye karakana ya nyama ya misheni, huku upande wa Uwemba, nikamalizia kwenye bucha Makambako. Nimekausha nyama ya nguruwe kwa moshi kwa ajili ya mapadri, wahandisi, watu wa mashamba ya chai na wageni wa hoteli, na karibu kila mgeni aliyeonja mkono wangu alinitazama kwa huruma akaniambia hii siyo bekoni. Hata waliokaa meza moja walipingana wao kwa wao, halafu wakageuka kunifundisha mimi.

Aliyenifundisha kweli ni Bruda Meinradi, Mjerumani, mtu mfupi, mkali, asiyejua kucheka kabla ya saa sita mchana. Kwake yeye bekoni ilikuwa ubavu wa tumboni, pale nyama na mafuta vinapopishana kama matabaka ya udongo ukichimba choo. Unapaka chumvi kavu kwa kiganja, pilipili manga, vitunguu saumu, unalaza kwenye sanduku la mbao, unageuza, unageuza tena. Hakuna tone la maji. Baadaye unaining'iniza ipigwe na upepo, ndipo inaingia kwenye nyumba ya moshi, na moshi wenyewe uwe wa baridi. Bruda alikuwa anatuingiza mle ndani tukiwa tumekunja mikono ya mashati. Ukihisi joto kwenye ngozi, anakufukuza, anasema huyu anapika, hakaushi. Na kuni zilikuwa za miti ya miwati tu, iliyokauka vizuri, magome yametolewa.

Halafu akaila mbichi. Ndiyo, mbichi, imekatwa nyembamba mpaka unaona kisu upande wa pili, na mkate mweusi na kikombe cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mara ya kwanza nilidhani ana njaa kiasi cha kushindwa kungoja kikaango. Sisi tumekua tukiambiwa nguruwe aive mpaka ajute, kwa ajili ya tegu, na mzee huyu anatafuna huku anasoma gazeti. Lakini kabla ya kumkubali nguruwe yeyote alikuwa anamfungua mdomo na kumpapasa ulimi chini, kutafuta vile vivimbe, na nguruwe wa kuzurura majalalani hakuvuka geti letu. Ninyi mnanunua nguruwe barabarani kwa mtu msiyemjua jina, halafu mnaniuliza mbona babu hali mbichi.

Basi nikadhani nimejua bekoni. Akaja mhandisi wa Kitaliano kutengeneza mitambo ya maji. Naye alitaka ubavu wa tumboni, nikafurahi, nikasema hapa tunaelewana. Wapi. Akataka tuuviringe kama mkeka, tuufunge kwa kamba, na moshi usiuguse kabisa. Nilipomwonyesha nyumba yetu ya moshi alitikisa kichwa kama mtu aliyefika msibani. Bruda alimsikia, wakakorofishana pale mlangoni kila mtu kwa lugha yake, mimi nimeshika kamba. Tuliiviringa. Ilikuwa nyama nzuri, sisemi uongo, lakini mtu anayeogopa moshi akija kuishi Njombe na baridi hii atakaa jikoni kwa nani?

Wa tatu alikuwa Mmarekani wa kujitolea, kijana mwembamba, mchangamfu kupita kiasi. Yeye alitaka sukari. Kwenye nyama! Nikamtilia sukari guru, nikaivutisha moshi, akaikata nyembamba na kuikaanga mpaka ikawa nyeusi pembeni, ukiidondosha inavunjika kama kigae. Nikamwambia kwetu nyama ikifikia hapo tunampa pole mpishi. Yeye anatafuna tu, kaa, kaa, anasema sasa hii ndiyo bekoni. Na rafiki yake wa Kanada, aliyekuja naye, akacheka, akasema kwao wanakula kile kipande cha mviringo cha mgongoni, kisicho na mafuta hata chembe. Nyama nyekundu tupu. Hiyo kwetu ina jina. Inaitwa nyama.

Lakini wa kuchosha kuliko wote ni Mwingereza. Alikuwa huko Lupembe kwenye mambo ya chai, na alikuwa akishuka Njombe mjini na soksi ndefu. Nilimpa bekoni ya Bruda, ile ya kujivunia. Aliishika kwa ncha za vidole, akasema asante sana, hii inafaa kuungia maharage. Maharage! Akanichorea kwenye kipande cha karatasi anachotaka: nyama ya mgongo, pande pana, na mkia mwembamba wa mafuta unaoshuka kuelekea tumboni. Iwe laini. Isivunjike. Iwekwe kwenye sahani pamoja na mayai, nyanya, na maharage yaleyale aliyonitajia kwa dharau. Moshi akipenda, asipopenda basi. Bruda alipoona mchoro ule aliutumia kuwashia kiko.

Na sasa mna hii ya pakiti, inayopanda basi kutoka Dar imevaa plastiki na picha ya shamba la kijani. Jana mke wangu aliletewa zawadi. Nikaiweka kwenye kikaango, ikatoa maji meupe yenye povu, ikachemka kama mchicha, ikanywea. Mashine inamdunga nguruwe sindano za maji ya chumvi, wanapima maji wanauza kama nyama, na harufu ya moshi inatoka kwenye chupa. Sitaji nchi. Nchi inajijua.

Sasa Gaudensia. Ni mtoto wa dada yangu, amezaliwa na kukua hapa misheni, akaolewa Yakobi na kijana mpole aliyeitwa Alfons. Walikuwa na mabanda ya nguruwe nyuma ya nyumba, safi, sakafu ya mteremko, mimi mwenyewe niliwaonyesha mteremko uweje. Alfons akafariki, akamwachia watoto watatu wadogo na nguruwe. Kaka mkubwa wa Alfons anaitwa Gebhard, na Gebhard alishikwa na homa ya parachichi. Mnaijua homa hiyo, Njombe nzima inaumwa. Mtu akiona kipande cha ardhi kisicho na parachichi anakosa usingizi. Akaanza kusema kiwanja cha mabanda ni cha ukoo, nguruwe wananuka, mwanamke peke yake hawezi kuwaendesha, heri pavunjwe papandwe miti. Kwa kuanza akakata miwati yote ya mpakani aliyoiacha Alfons, akachoma mkaa. Ukoo ukasema utakaa, utazungumza. Mpwa wangu alikuwa na jibu moja tu la kuwapa: kuwaonyesha kwamba mabanda yale yanasomesha watoto wa Alfons. Bila mabanda angerudi kwa mama yake na watoto wangesambazwa kwa ndugu, mmoja huku mwingine kule, na hilo ndilo lililokuwa linamkosesha raha.

Akanifuata. Akasema, Mjomba, kuna hoteli Makambako inapokea wageni wa miradi, inataka bekoni ya hapahapa, hii ya Dar inachelewa njiani. Nikamwambia tujenge nyumba ya moshi. Tukajenga, ya matofali, ndogo. Mimi nikalala kitandani na goti langu kwa siku chache, nikamwambia awashe bila mimi.

Kuni za miwati hazikuwapo, shemeji keshazigeuza mkaa. Mpwa wangu akafanya ambacho kila mtu wa Njombe angefanya: akaenda kwenye mashine ya kupasua mbao, akarudi na magunia ya maranda ya msonobari, bure, makavu, yanashika moto vizuri. Nilipofika, harufu ilinipokea njiani. Nyama ilikuwa nyeusi, inang'aa, inanata, na ukiisogeza puani inanukia kama jeneza jipya. Utomvu wote wa msonobari ulikuwa umeingia mle. Nilionja kidogo, nikatema. Mbwa wa jirani alionja, naye akatema. Shikeni hili hata mkisahau mengine yote: msonobari ni wa kuezekea na kuzikia. Mkaratusi nao ni wa kujifukizia mafua. Nyama inataka mti mgumu usio na utomvu, mwati, mpera, hata gunzi la mahindi, na uwe umekauka.

Gaudensia alilia, akafuta machozi kwa kiwiko maana mikono ilikuwa na masizi, akauliza mwati unapatikana wapi. Tukaupata kwa mama mmoja wa kijiji cha jirani, tukarudia kazi. Safari hii nilisimama mwenyewe na mkongojo wangu. Nikatengeneza ubavu wa tumboni kama Bruda alivyonifundisha, na vijana, iliniliza. Ilikuwa nzuri.

Tukapanda gari mpaka Makambako. Upepo wa pale mnaujua, unakuvua kofia kabla hujasalimia. Meneja wa hoteli alikuwa dada mmoja aitwaye Joyce, mtu wa maneno machache, akatuandalia kiti, akakaanga vipande viwili mbele yetu, akala. Akasema tamu sana. Halafu akatoa simu na kunionyesha picha. Pande pana la mgongo, na mkia mwembamba wa mafuta.

Nilihisi damu inapanda. Akaeleza kwa upole kwamba wageni wake wengi ni Waingereza, wengine wamefundishwa na Waingereza, wakiona kipande cha tumboni wanauliza bekoni iko wapi. Nikamwambia hao watu hawajui wanachokula. Nikamweleza habari za Bruda, za moshi wa baridi, na za yule Mwingereza wa soksi na maharage yake. Dada Joyce akasikiliza yote, akasema, "Baba, mimi sibishani na wewe. Lakini anayekula asubuhi hapa siyo wewe."

Njia nzima ya kurudi nilitukana nchi moja baada ya nyingine. Gaudensia alikuwa anatazama dirishani. Tulipokaribia Njombe akaniuliza kama naweza kumfundisha ule mkato wa Kiingereza. Nikamwambia kuweza ninaweza, hata kinyozi anaweza. Kinachonishinda ni kitu kingine.

Hapo niwaeleze, maana wengine hamjaolewa wala hamjaoa na hamjui mambo ya watu. Sisemi ni desturi ya Wabena wote, nasema ya ukoo ule wa Alfons. Nguruwe akichinjwa kwenye mji wowote wa ukoo, kila kipande kina mwenyewe. Kichwa cha wazee, mguu fulani wa mashangazi, na mgongo, mzima, ni wa kaka mkubwa. Tumbo halina mwenyewe. Ndiyo maana miaka yote bekoni ya Bruda haikumgombanisha mtu na mtu pale Yakobi: Mjerumani anakula kipande ambacho hakuna shemeji anayekidai. Mwingereza, kwa uroho wake, akaenda kuchagua kilekile cha kaka mkubwa. Katika nguruwe mzima!

Nikamuuliza mpwa wangu, huo mgongo unajua ni wa nani. Akasema anajua. Nikamwambia Gebhard anatafuta sababu. Akasema anajua hilo pia, na kwamba bila hoteli sababu ataipata hata bila mgongo.

Basi nikamfundisha. Kwetu mgongo unakatwa kwa shoka, mapande ya kukatiza uti, mifupa na nyama pamoja, unapikwa hivyohivyo. Mwingereza anataka nguruwe apasuliwe katikati ya uti kwa msumeno, taratibu, pande mbili sawasawa, mfupa utolewe bila kuchana ile nyama ya mviringo. Ukiichana, chumvi inaingia bila mpango, sehemu moja inakuwa kali na nyingine inaoza. Punguza chumvi kuliko ya tumboni, maana mgongo hauna mafuta ya kuizuia. Usiikaushe mpaka ikawa ngumu. Moshi mdogo. Baridi ya Juni inasaidia, joto la Novemba linakudanganya. Nilifundisha huku nakunja uso, lakini nilifundisha vizuri, maana kazi ni kazi. Gaudensia ana mkono mzuri kuliko mimi. Dada Joyce akaipokea, akasema aletewe hiyohiyo kila mara.

Habari zilifika kwa Gebhard kabla sufuria hazijaoshwa. Nguruwe kachinjwa na mgongo haukupita mlangoni kwake. Hakuja kuuliza. Alienda kwa wazee kimyakimya, nyumba kwa nyumba, na kikao kikaitishwa.

Walikaa sebuleni kwa Shangazi Benedikta, shangazi yao akina Gebhard, mwanamke mkubwa wa umri na wa mwili, anayesikia anachotaka kusikia. Mimi nilikuwa upande wa mwanamke, kwa hiyo nilikaa karibu na mlango, nikanyamaza kama inavyotakiwa. Kunyamaza siku ile kulinichosha kuliko kubeba nguruwe. Gebhard alisimama na koti lake la kanisani. Alizungumza kwa mpangilio, sikatai. Alisema yeye hagombei nyama, nyama anaweza kununua. Anasema habari ya heshima. Mwanamke aliyemnyima kaka mkubwa mgongo amejitoa mwenyewe kwenye ukoo, na aliyejitoa kwenye ukoo anafanya nini kwenye kiwanja cha ukoo? Akasema zaidi: kwamba mgongo ule wa ukoo sasa unaliwa na Wazungu Makambako. Wazee wakaguna. Niliwaona wanaanza kumfuata, mmoja mmoja.

Shangazi akamwambia Gaudensia aseme. Mpwa wangu alikuwa amekaa mkekani na mtoto mdogo mapajani. Hakusimama. Sauti yake haikuwa kubwa, ilibidi wazee wainame.

"Shemeji, kweli mgongo nimeuza. Alfons alipokuwa hai, siku ya kuchinja ulikuwa unakuja wewe, unashika miguu ya nguruwe, Alfons anachoma kisu. Mtoto alipougua ulitupeleka wewe hospitali. Ndiyo maana mgongo ulikuwa unakuja kwako na mimi mwenyewe nilikuwa naubeba kichwani. Tangu tumzike, nguruwe namshika mimi na jirani. Hujaja hata siku moja. Mimi sijui mgongo unaopelekwa kwa mtu ambaye mikono yake siioni."

Gebhard akarekebisha koti. Mimi nimefanya kazi na visu vyote, vya Mjerumani, vya Mtaliano, vya kughushi vya Kariakoo, sijaona kilichoingia kwa utulivu namna ile.

Shangazi Benedikta akamuuliza Gebhard kama anayosema mwanamke ni uongo. Gebhard akaanza habari za shughuli, miche, wanunuzi wa parachichi wanaokuja na magari. Shangazi akarudia swali. Gebhard akasema siyo uongo, ila. Shangazi akasema hiyo ila ampelekee mtu mwingine. Halafu akakata shauri, na nilimsikia vizuri: Gaudensia akichinja tena, Gebhard apewe habari. Akija akashika nguruwe, yeye ni kaka mkubwa wa mji ule, mgongo ni wake na kiwanja watazungumza naye kama baba wa watoto wale. Asipokuja, basi amemaliza, asitie tena mguu kwenye habari ya mabanda.

Nikatoka pale nimefurahi nusu. Nilimwambia mpwa wangu njiani, hujaona mtego? Akija akashika mguu wa nguruwe asubuhi moja tu, kwa dakika chache, kapata mgongo na kapata sauti kwenye kiwanja. Na hoteli je? Nilikuwa na hasira na shangazi, nikamwambia mtu hapewi hukumu ya namna hiyo. Usimpe habari, nikamwambia. Chinja kimya.

Gaudensia alimpelekea habari mwenyewe, kwa miguu, siku mbili kabla. Alimwambia siku na saa.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, nyumba ya jirani haionekani. Maji yalikuwa yanachemka kwenye pipa. Jirani alikuwa amefika na kamba, mimi nimenoa visu vyangu na msumeno, mara mbili ya inavyohitajika. Gaudensia alikuwa ameosha beseni jipya la aluminiamu, akaliweka juu ya kigoda karibu na mlango, akalifunika kwa kitambaa cheupe. Sikuuliza. Nilijua ni la mgongo wa shemeji, lile la kubebea kichwani.

Tukangoja. Jirani akasema jua linapanda, Gaudensia akasema bado. Nguruwe akatulia, akalala. Maji yakapungua, Gaudensia akaongeza, akachochea moto. Mimi moyoni nilikuwa naomba yule mtu asije, nawaambia ukweli wangu, ajikwae, aharibikiwe na pikipiki, chochote. Mtoto mkubwa alikuwa amekaa juu ya ukuta wa banda anaangalia njia. Kila sauti ya pikipiki ikipita barabarani, Gaudensia alikuwa ananyanyua kichwa. Ndipo nikamtazama vizuri usoni, nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa anataka aje. Pamoja na kiwanja, pamoja na hoteli, alikuwa anataka yule mtu wa parachichi atokee kwenye ukungu avue koti na kuuliza ashike mguu upi.

Mtoto akauliza, "Mama, baba mkubwa haji?"

Ukungu ulikuwa umeshanyanyuka, njia inaonekana mpaka kule kwenye visiki vya miwati, na hapakuwa na mtu. Gaudensia alifunga kitambaa kichwani upya, akakaza. Akamshika nguruwe miguu ya mbele yeye mwenyewe, jirani akashika ya nyuma. Mimi nikachoma kisu.

Nilipomaliza kutoa vya ndani na nguruwe amening'inia, nikasimama na shoka mkono mmoja na msumeno mkono mwingine, namngoja mpwa wangu aseme. Alienda mlangoni, akaondoa kile kitambaa cheupe, akakikunja vizuri. Akamimina chumvi kwenye beseni, akaisawazisha kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Kata ya Kiingereza, Mjomba," akasema. "Pande zote mbili."

Nikaweka shoka chini.